Mwalimu wa Mbwa, Anza na Mwenye Mbwa

Katika skimu nyingi yuko mtu ambaye mbwa wake humtii. Akimwita, huja. Akimwambia akae langoni, hukaa. Majirani wakiona hivyo humwendea na kumwomba, "Bwana, nifundishie na wangu." Pole pole ombi hilo hugeuka kuwa kazi ya malipo, na wako vijana ambao sasa hupata riziki yao kwa kufundisha mbwa wa ulinzi na wa nyumbani.

Ikiwa wewe ni mmoja wao, au unafikiri kuanza kazi hii, makala haya ni yako. Na ikiwa wewe ni mkulima mwenye mbwa tu, yasome pia, maana siku utakapomwita mwalimu wa mbwa utajua ni yupi anayestahili pesa zako.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi wa mbwa husahau. Mbwa hufundishika upesi. Kazi ngumu ni watu wa nyumba yake. Ukimchukua mbwa kwa wiki mbili na kumfundisha vizuri, kisha ukamrudisha kwa watu wasiojua ulivyomfundisha, baada ya mwezi mmoja atakuwa kama alivyokuwa kwanza. Mwenye mbwa atasema kwamba umekula pesa zake bure, naye atawaambia majirani.

Kwa nini ni hivyo

Mbwa hujifunza kila saa, wala hangoji mwalimu. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya tumbo na chakula, aliona kwamba mbwa wake walianza kutoka mate kabla hawajapewa chakula. Dalili tu ya kwamba chakula chaja iliwatosha. Ndivyo ilivyo hata kwako. Mbwa wako anajua sauti ya sufuria, anajua mtoto yupi hutupa makombo, na anajua ni nani hurusha mawe. Hao wote ni walimu wake, na wako naye mchana na usiku. Wewe uko naye saa moja kwa wiki.

Watu wanaofundisha mbwa wa kuwaongoza vipofu walijua jambo hili mapema. Mwaka 1928 kijana kipofu wa Marekani, Morris Frank, alisafiri mpaka Uswisi ili apate mbwa wa kumwongoza. Mbwa huyo, aliyemwita Buddy, alikuwa amekwisha fundishwa. Hata hivyo Morris Frank hakupewa kamba na kuambiwa aende zake. Ilimbidi akae huko afundishwe yeye mwenyewe, siku baada ya siku, namna ya kutembea na mbwa na kumwamini. Mwaka 1929 alisaidia kuanzisha huko Marekani chama cha The Seeing Eye, na mpaka leo chama hicho hufundisha mbwa kwanza, kisha humfundisha mtu pamoja na mbwa wake.

Huko Uingereza, Barbara Woodhouse alipata sifa kubwa mwaka 1980 kwa vipindi vyake vya televisheni vya kufundisha mbwa. Watazamaji waliona upesi kwamba maneno yake mengi aliwaambia wenye mbwa, si mbwa.

Ukifika nyumbani, salimu watu

Mwalimu mwingine akifika tu hushika mbwa na kuanza kazi. Hilo si jambo jema. Piga hodi. Salimu mzee, salimu mama, salimu watoto. Ukipewa chai, kunywa. Wakati huo mbwa anakuona na kukuzoea, na watu nao wanakuzoea.

Kisha uliza mbwa ni wa nani. Utaambiwa, "Ni wa baba." Usitosheke na jibu hilo. Uliza tena: Nani humpa chakula? Nani humfunga asubuhi na kumfungua usiku? Nani huenda naye malishoni? Nani hucheza naye? Mara nyingi utaona kwamba baba ndiye aliyemnunua, lakini mama ndiye humlisha, kijana wa kuchunga ndiye hushinda naye, na watoto ndio humfundisha mambo mabaya. Waombe wote wawepo siku ya mafunzo. Mama akiwa jikoni na kijana akiwa na ng'ombe, umemfundisha mtu mmoja tu kati ya wanne.

Sikiliza kabla ya kusema

Mkulima aliyekuita ana shida. Pengine mbwa hula mayai, pengine hubwekea wageni mpaka gari la maziwa halitaki kusimama langoni, pengine amemwuma mtoto wa jirani. Mwache aeleze mpaka amalize. Usimkatize hata ikiwa umekwisha jua dawa yake. Mtu ambaye hajasikilizwa hawezi kusikiliza.

Tazama jinsi mazungumzo yanavyoweza kuharibika. Mwalimu anasema, "Mzee, mbwa huyu mmemharibu wenyewe. Mnampiga ovyo na kumfunga vibaya." Mzee anajibu, "Haya, asante." Wiki ya pili mwalimu anakuta lango limefungwa. Huenda alisema kweli, lakini kweli hiyo haikumsaidia mtu wala mbwa.

Sasa tazama njia nyingine.

"Mzee, umesema kwamba mbwa huruka seng'enge kila siku. Huruka wakati gani?"

"Asubuhi, kama saa kumi na mbili na nusu."

"Na jioni je?"

"Jioni hana shida. Hulala tu mlangoni."

"Asubuhi wakati huo kuna nini hapa nyumbani?"

"Hakuna kitu. Watoto wanakwenda shule tu." Mzee ananyamaza kidogo. "Kumbe! Huwafuata watoto."

"Yawezekana, mzee. Nani aweza kumfunga mpaka watoto wafike mbali?"

Mama anajibu, "Mimi. Wakati huo nimekwisha kukama."

Ona kwamba mwalimu hakutoa amri hata moja. Aliuliza tu, na dawa ikatoka kwa wenyewe. Kazi ambayo mama ameichukua kwa kinywa chake ataifanya. Kazi aliyopewa na mgeni huenda akaisahau kesho.

Usimwaibishe mtu mbele ya watu wake

Hapa ndipo walimu wengi hujikwaa. Mzee anamwita mbwa aliyetoroka, mbwa anarudi, mzee anampiga kwa sababu alitoroka. Wewe unajua kwamba mzee amekosea. Mbwa hawezi kufikiri habari ya kutoroka kwa saa iliyopita. Anajua tu kwamba aliitwa, akaja, akapigwa. Kesho akiitwa hatakuja.

Lakini watoto wa mzee wamesimama pale, na pengine jirani pia. Ukimwambia kwamba amekosea, atatetea heshima yake, na mbwa ataendelea kupigwa. Sema hivi: "Mzee, mbwa wako ana akili. Ameona kwamba akirudi atapigwa, kwa hiyo anachelewa kurudi. Tumwonyeshe kwamba kurudi kuna faida." Umemsifu mbwa wake na umeeleza kosa bila kumtaja mkosaji. Ikiwa kuna neno zito zaidi, ngoja akusindikize njiani, umwambie mkiwa wawili tu.

Ikiwa mbwa anateswa kweli kweli, hapo usinyamaze. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kumpiga mnyama kikatili ni kosa. Sema kwa upole, lakini sema.

Mpe kamba mkononi

Baada ya maneno yafuate matendo. Onyesha mara moja, kisha mpe mwenye mbwa kamba. Usimnyang'anye akikosea. Mkono wake ndio unaotakiwa kujua kazi, wala si wako.

Fundisha mambo haya, moja moja:

1. Neno liwe moja. Katika nyumba nyingi za skimu baba husema "Njoo," mama huita kwa lugha ya kwao, na watoto husema kwa Kiingereza cha shule. Mbwa masikini hajui amsikilize nani. Waulize watu wa nyumba wachague neno moja kwa kila jambo, nao wote walitumie. Lugha yo yote yafaa.

2. Zawadi ije mara moja. Kipande kidogo cha ugali au cha utumbo kilichopikwa chatosha. Mbwa akitii, apewe pale pale, kabla hujahesabu mbili. Ukichelewa, mbwa atadhani amepewa kwa sababu ya jambo jingine alilofanya baadaye.

3. Mafunzo yawe mafupi. Dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni ni bora kuliko saa nzima siku ya Jumapili. Mkulima ana ng'ombe wa kukama na shamba la kupalilia. Ukimpa kazi ya saa nzima, hataifanya hata siku moja.

4. Msifu mtu kama unavyotaka amsifu mbwa. Mama akitoa zawadi kwa wakati wake, mwambie, "Hapo umefanya vizuri sana." Kijana akimngoja mbwa bila kupiga kelele, mwambie hivyo hivyo. Watu nao hurudia jambo waliloshukuriwa.

Mbwa mdogo ana wakati wake. Kuanzia wiki ya 3 mpaka karibu wiki ya 14 tangu kuzaliwa, ndipo anapozoea kwa urahisi watu, watoto, ng'ombe, kuku na baiskeli. Mweleze mkulima jambo hili siku anaponunua mbwa mdogo, kabla hajamfungia gizani akidhani kwamba giza litamfanya mkali. Mbwa aliyefungiwa hivyo hukua mwoga, na mbwa mwoga huuma bila kuchagua. Anaweza kumwacha mwizi na kumwuma mtoto.

Watoto wafundishwe pia

Waite watoto, ukae chini ili uwe sawa nao, na uwaeleze kwa maneno machache. Usimguse mbwa anapokula au anapolala. Usiguse watoto wake. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama kimya, mikono chini, usimtazame machoni. Kisha wape mchezo: wewe uwe mbwa, wao wasimame kama miti. Watacheka, na hawatasahau. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba katika kila watu 100 walioumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, karibu 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo mafunzo haya ni kazi yenyewe, wala si mchezo wa kupitisha wakati.

Ugomvi wa majirani

Skimu zetu zina jambo lake. Tangu mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza katika miaka ya 1960, watu wa sehemu mbalimbali walipewa mashamba yaliyopakana, nao wakajifunza ujirani mahali papya. Mbwa mmoja akiua kondoo watatu usiku, ujirani wa miaka mingi unaweza kuvunjika asubuhi.

Ukiitwa katika jambo kama hilo, kumbuka kwamba wewe si hakimu. Usiseme ni mbwa wa nani aliyeua ikiwa hukuona. Malipo ya kondoo waachie wazee na chifu. Kazi yako ni kueleza namna ya kuzuia jambo lisitokee tena: mbwa afungwe au awe ndani ya ua usiku, alishwe vya kutosha, asiende malishoni bila mtu, na kondoo walale zizini. Waeleze wote wawili maneno yale yale, ikiwezekana wakiwa pamoja, ili mmoja asidhani umenunuliwa na mwenzake.

Mtu akisema kwamba atatega sumu, usimkemee. Mwulize ni nani mwingine apitaye mahali pale. Sumu haichagui. Mtoto aweza kuiokota, mbwa asiye na kosa aweza kuila, na tai wanaokula mizoga wamekufa kwa wingi katika Kenya kwa sababu ya nyama zilizotiwa sumu.

Tena usiahidi usiloweza. Mbwa aliyezoea kuua kondoo ni vigumu sana kumwamini tena pamoja nao. Mwambie mwenyewe wazi kwamba mbwa huyo atahitaji kulindwa maisha yake yote. Mwalimu anayesema, "Nipe wiki moja, atapona," huchukua pesa leo na kupoteza jina kesho. Bei nayo itajwe kabla ya kazi: siku ngapi, shilingi ngapi, na kazi ya kila mtu ni ipi. Andikeni kwenye karatasi, hata ikiwa ni ndugu yako.

Siku ambayo hutakiwi kufundisha

Kuna mbwa usiyetakiwa kumgusa. Ukiambiwa kwamba mbwa aliyekuwa mpole amekuwa mkali ghafula, au aliyekuwa mchangamfu amejificha, au anatoka mate mengi, hawezi kumeza, sauti yake imebadilika, au anayumba, usiingie kazini. Huenda ni kichaa cha mbwa. Waondoe watu karibu naye na upeleke habari kwa afisa wa mifugo mara moja. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, yahusu mambo haya, na huduma za mifugo sasa ziko chini ya serikali za kaunti.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe pale pale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile apate sindano za kinga. Asingoje kuona kama ataugua. Dalili za kichaa zikianza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa.

Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi, na bado unaua watu. Mwaka 2014 serikali ilianza mpango wa kuumaliza kabla ya mwaka 2030 kwa kuchanja mbwa. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hauwezi kuenea kati yao. Mbwa huchanjwa akifika miezi 3, na baada ya hapo chanjo hurudiwa kama daktari wa mifugo anavyoagiza, kwa kawaida kila mwaka.

Hapa mwalimu wa mbwa aweza kusaidia kuliko tangazo la baraza. Wengine husema, "Sindano itamfanya mbwa mvivu, hatabweka." Usicheke neno hilo. Uliza, "Je, wako mbwa waliochanjwa hapa jirani? Wanabweka?" Mwache mtu aende asikie mwenyewe. Wengine hawapeleki mbwa kwa sababu hawawezi kumwongoza kwa kamba mpaka mahali pa chanjo. Hiyo ni kazi yako hasa! Fundisha mbwa wa majirani kutembea kwa kamba kabla ya siku ya chanjo, na watu wengi zaidi watakuja. Chanjo iwe neno lako la kwanza katika kila nyumba: "Kabla hatujaanza, naomba kuona cheti cha chanjo."

Rudi uone

Kazi haijaisha siku ya malipo. Rudi baada ya wiki moja, tena baada ya mwezi mmoja. Ukikuta hawakufanya mafunzo, usikasirike. Uliza, "Ni kitu gani kilichowazuia?" Pengine mvua ilinyesha na wote walikuwa shambani wakipanda. Pengine mtoto alikuwa mgonjwa. Basi punguza kazi. Badala ya mambo matatu, waache na moja. Jambo moja likifanyika, watakuwa na moyo wa kufanya la pili.

Ukikuta mbwa amesahau, usimpime mtu kwa hasira ya siku moja. Mwombe mzee akuonyeshe anavyofanya, utazame kimya, kisha ubadilishe kitu kimoja tu.

Basi, wewe unayetaka kazi hii, jifunze mbwa, lakini jifunze watu zaidi. Salimu, uliza, sikiliza, onyesha, mpe kamba, msifu, urudi. Na wewe mkulima uliyemwita mwalimu, usimwachie mbwa na kwenda zako shambani. Simama naye dakika hizo chache, wewe na mama na watoto na kijana wa kuchunga. Mwalimu atakwenda kwake jioni. Mbwa atabaki langoni kwenu, na mtoto wa jirani atapita hapo kesho asubuhi akienda shule.